Tawi la Boazi Mlangoni Kwetu

"Usinitazame hivyo, Restuta. Mtaa mzima unajua umetuuza," alisema Enesi, msusi wa jirani, rasta mkononi. Mteja wake alikuwa amemfuata hadi nje, nusu kichwa hakijasukwa, asije akakosa maneno.

"Nimemuuzia nani, dada Enesi?"

"Huyo mchumba wako alikuwa anakuja kukuona wewe, au kuangalia wateja wa mama yako?"

Restuta aligeukia barabara. Ng'ambo ya barabara mafundi walikuwa wanapandisha bango jekundu: BOAZI BEI POA. Duka la mzee Boazi lilianzia Ihanda, yeye na mkewe ndani ya kibanda cha mabati. Likazaa la Mlowo, likazaa la Vwawa, na sasa hili la Tunduma, linatazamana na kiduka cha mama yake. Alijaribu kukasirika. Hasira haikuja. Mwili wote ulikuwa kama mguu uliokaliwa ukafa ganzi.

Aliko, kitindamimba wa Boazi, akashuka kwenye bodaboda, shati la bluu limenyooka pasi. Ndiye aliyegongana naye mwaka jana pale mpakani, katikati ya malori, akamwagia soda gauni lake jeupe, kisha akaomba namba ya simu eti alipe sabuni.

"Mpenzi, hupokei simu."

"Nimeona bango. Linatosha."

"Mzee alikataza nisiseme kabla hajapata kiwanja. Nikadhani tukishafunga ndoa, mama yako atakuja kusimamia tawi."

"Yaani umfungie duka, halafu umpe kazi."

"Ningemwokoa, Restu."

"Ulimwuliza?"

Aliko akainama. "Bado unanipenda?"

"Sijui. Nishike mkono."

Akamshika. Restuta akautazama mkono wake kama mzigo wa mtu mwingine. "Sisikii kitu," alisema.

Pazia la dukani likafunguka. Kwao Ndalambo mama mkwe hamtazami mkwe usoni, wala hakai naye penye chakula. Tangu posa ipokelewe, mama yake Restuta akimwona Aliko alijifunika khanga na kuzungukia uani. Leo alitoka kichwa wazi. Akamtazama machoni, kwa upole, kama anavyotazamwa mtoto wa jirani yeyote.

"Aliko, baba," alisema mama, "jua kali hili. Ingia ndani tule wote."