Malkia wa Chaki

Kitendawili! Wewe uliyeshika kitabu, sema "tega". Umesema? Haya: nina jeshi la watu thelathini na wawili, hawali, hawanywi, na vita vikiisha, adui na rafiki hulala ndani ya boksi moja.

Umeshindwa? Nipe mji. Ahsante, nimeupokea, ni mji mzuri. Jibu lake ni sataranji, mchezo ambao wengine huuita chesi.

Enzi zile, kengele ya shule ilipokuwa rimu ya lori iliyogongwa kwa kipande cha chuma, kulikuwa na shule moja yenye maboksi matatu ya sataranji, na moja lao lilikuwa limezeeka kuliko walimu wote. Kete zake zilikuwa za mbao, zimelainika kwa kushikwashikwa, na zile nyeupe zilikuwa zimegeuka rangi ya chai ya maziwa. Farasi mmoja alikuwa hana sikio. Lakini kasoro kubwa ni kwamba malkia mweupe hakuwepo. Mahali pake walisimamisha kipande cha chaki. Kwa hiyo kila aliyecheza upande mweupe wa boksi hilo alirudi nyumbani na vidole vyenye vumbi, na mama yake akajua mara moja alikochelewa.

Katibu wa klabu ya sataranji alikuwa msichana wa darasa la sita aliyeitwa Kalamu, kwa sababu hakukosa kalamu iliyochomekwa kwenye nywele. Aliishi na bibi yake, fundi cherehani, katika nyumba ambayo chumba cha mbele kilijaa vitambaa mpaka paka akakosa pa kulala.

Siku za klabu zilikuwa Jumanne na Alhamisi, na zote zilifanana. Rimu ililia, wavulana wakapangusa ubao mara mbili tatu, kisha wakatoka mbio kuelekea chumba cha klabu. Kufuta ubao ndiyo ilikuwa zamu yao. Kufagia darasa, kupanga madawati na kumwaga taka ilikuwa zamu ya wasichana. Kalamu na rafiki yake Kimya walipofika wakipangusa vumbi miguuni, walikuta meza tatu, viti sita, na wavulana sita wamekwisha kukaa.

"Na sisi tupisheni kidogo," Kalamu alisema.

"Asiyekuwapo na lake halipo!" alijibu mwenyekiti wa klabu, mvulana mrefu waliyemwita Jenerali. "Mngefika mapema. Halafu mnajua sheria yetu: mshindi anabaki kitini, aliyeshindwa anainuka. Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama."

Basi wasichana walifanya nini? Mmoja alipanga kete, mwingine aliokota zilizoanguka, wengine walipiga makofi. Kalamu aliandika matokeo. Kimya alisimama nyuma ya wachezaji, macho yakimtembea ubaoni. Mara nyingine alimnong'oneza Kalamu, "Farasi aende pale, mfalme amekwisha." Mchezaji asione, acheze kingine, na Kimya aume mdomo kama mtu aliyekanyaga mwiba.

Siku moja Kalamu alimuuliza mwalimu wao, ambaye alifundisha hesabu, "Mwalimu, malkia mweupe alikwenda wapi?"

"Nilipohamia hapa nilikuta chaki," Mwalimu alisema. "Waulize waliokuwepo kabla yangu."

Jioni hiyo Kalamu alikaa kwenye marobota ya vitambaa. Cherehani ya Bibi ilikuwa ikiimba ule wimbo wake wa siku zote, taratibu kwenye kona, mbio kwenye mshono mrefu.

"Bibi, si nawe ulisoma shule yetu? Malkia mweupe alikwenda wapi?"

Cherehani ikanyamaza. Bibi akainamia kitambaa. "Hebu nipe mkasi," akasema.

Mkasi ulikuwa mbele yake.

Wiki iliyofuata, fomu ilifika kutoka ofisi ya michezo ya shule za wilaya. Kulikuwa na mashindano makubwa, na klabu itakayochaguliwa ilitakiwa kuonesha kwamba wasichana na wavulana wanashiriki sawa. Jenerali alipoisikia habari hiyo alirukaruka kama mahindi kwenye kikaango. Tangu darasa la tatu alikuwa akiota mashindano hayo.

"Katibu, daftari linasemaje?" Mwalimu aliuliza.

"Wavulana kumi na wawili, wasichana kumi na wawili."

"Nusu kwa nusu! Jaza hivyo, utie sahihi yako, nami nitatia yangu. Tuna wiki mbili. Usiichafue tu."

Kalamu aliibeba fomu nyumbani ndani ya kitabu. Kila alipoiona nafasi ya sahihi, aliirudisha ndani ya kitabu. Majina kumi na mawili ya wasichana yalikuwa ya kweli, na hakuna hata moja alilolibuni. Sasa mbona mkono ulikuwa mzito?

Alikuta mteja amesimama mbele ya Bibi na gauni mkononi. "Fundi, mpimie binti yangu kwa hili. Mwenyewe yuko kwa shangazi yake."

"Gauni halina mwili, mwanangu. Mlete mwenyewe."

"Lakini gauni ni lake!"

"Lake la mwaka jana. Nikipima nguo, nitashona nguo ya kuvaliwa na nguo."

Mteja alicheka, akakunja gauni lake, akaenda zake. Kalamu akaiangalia fomu, kisha akamwangalia Bibi. "Bibi, mtu akiandikwa jina kwenye daftari la klabu, ndiyo kashiriki?"

Bibi aliiweka kando futi ya kupimia. "Ameandikwa, au amekaa kitini akacheza?"

"Ameandikwa."

"Basi hapo mmepima gauni." Bibi akafungua droo ya cherehani, akachakura, akaifunga upesi, kisha akachukua kopo la vifungo lililokuwa dirishani. "Shika. Kila anayekaa akacheza, mtungie kifungo kimoja. Cheusi cha mvulana, cheupe cha msichana. Vifungo havijui kumbembeleza mtu."

Kwa wiki mbili, Kalamu alikaa kwenye kona ya chumba cha klabu akiwa na sindano na nyuzi mbili.

"Katibu, unatunga shanga za harusi?" Jenerali alimtania. "Bwana harusi nani?"

"Usisogee sana, sindano haimjui mwenyekiti," Kalamu alijibu, na chumba kizima kikacheka.

Siku moja mvulana mmoja aliinuka kwa maumivu ya jino, kiti kikabaki wazi kabla mvulana mwingine hajakiwahi. Kimya akakaa. Akashinda. Kwa sheria yao wenyewe akabaki kitini, akashinda tena. Jenerali alisema ni bahati tu.

Alhamisi ya mwisho, Kalamu alizifunga nyuzi zote mbili kwenye msumari juu ya ubao. Uzi wa vifungo vyeusi ulishuka mpaka chini ya ubao. Ule wa vyeupe ulining'inia kama hereni.

"Hii ni nini?" Mwalimu aliuliza.

"Ni klabu yetu, Mwalimu." Kalamu aligusa uzi mmoja, kisha wa pili. "Michezo ishirini na minne, kwa hiyo ni kukaa kitini mara arobaini na nane. Wavulana wamekaa mara arobaini na nne. Wasichana, mara nne. Daftari linasema nusu kwa nusu, lakini tukiandika hivyo tutakuwa tumesema uongo kwa majina ya kweli."

"Mwalimu, huyu ataiponza shule!" Jenerali alipaza sauti. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi. "Nani aliwakataza kukaa? Aseme, nani?"

"Hakuna," Kalamu alisema. "Mlituachia mafagio tu."

Hakuna aliyecheka. Mwalimu alivihesabu vifungo vyeupe, na kwa kuwa vilikuwa vinne, hesabu haikumchukua muda. Kisha akakaa kwenye kiti cha mwanafunzi, magoti yakagonga meza.

"Zamu ya mafagio niliipanga mimi," alisema polepole. "Na ile sheria ya mshindi abaki niliisikia kila wiki, nikaona ni ushujaa. Mimi nafundisha hesabu, na jambo hili sikulihesabu. Kalamu, andika kama vifungo vinavyosema."

"Hatutachaguliwa!" alisema Jenerali.

"Huenda," Mwalimu alisema, akatia sahihi.

Na kweli hawakuchaguliwa. Ningependa kukwambia vingine, lakini ndivyo ilivyokuwa. Barua ilikuja na mistari mitatu tu, ikasomwa mbele ya wote, na Jenerali hakumsemesha Kalamu kwa wiki nzima. Kuna mchana mmoja Kalamu alikaa peke yake nyuma ya darasa akajiuliza kama ukweli ni kitu cha kushikilia hivyo.

Lakini mafagio yaligawanywa. Wote wakafagia kwanza, na mikono arobaini na minane ilimaliza kazi kabla vumbi halijapanda. Jenerali alifagia kama anayefukuza kuku jikoni, mpaka Kimya akamfundisha kushika mpini. Viti navyo vikafuata orodha: ukishinda unainuka, ukishindwa unainuka, zamu ya mwingine. Mwanzoni wasichana wengi walishindwa haraka, wakaona aibu. Kisha wakashindwa polepole. Kisha mmoja akashinda, akapiga kelele mpaka mlinzi wa shule akaja kuangalia kuna moto gani.

Kila mwezi Kalamu alitunga nyuzi mpya. Hereni ikawa bangili, bangili ikawa mkufu. Kimya alimfunga mfalme wa Jenerali mara tatu mfululizo. Ya kwanza Jenerali alinuna, ya pili akakuna kichwa, ya tatu akamwendea Mwalimu mwenyewe. "Mwalimu, meza ya kwanza akae Kimya. Mimi nitakaa ya pili. Tukienda siku moja, nataka tushinde."

Fomu ya mwaka uliofuata ilizikuta nyuzi zikiwa karibu sawa: vifungo ishirini na vitano vyeusi, ishirini na vitatu vyeupe. Kalamu aliijaza papo hapo, mkono mwepesi kama unyoya. Safari hiyo walichaguliwa. Walikwenda, wakacheza siku mbili, wakarudi na nafasi ya pili na koo zilizokauka kwa kuimba njiani.

Siku ya kuwapokea, wazazi walijaa chumba cha klabu. Bibi alikuja na mkoba wake wa kitambaa, akaenda moja kwa moja kwenye boksi la zamani lililokuwa limepangwa mezani. Alisimama hapo kidogo, akaigusa meza, akaligusa dirisha, kama mtu anayewasalimu watu asiowaona siku nyingi. Kisha akatoa kitu kilichofungwa kwenye kitambaa, akakifungua. Akaondoa kipande cha chaki, akasimamisha malkia mweupe. Weupe wake ulikuwa wa maziwa, kwa sababu miaka yote hiyo hakushikwa na mkono wa mchezaji.

Mwalimu akakiokota kipande cha chaki, akakitia mfukoni.

"Bibi?" Kalamu alisema. "Malkia... alikuwa wapi?"

"Mwaka jana uliniuliza, nami nikakuomba mkasi uliokuwa mbele yangu," Bibi alisema. "Leo nakujibu. Nilikuwa na umri wako. Jina langu lilikaa kwenye daftari la klabu hii miaka miwili, na kazi yangu ilikuwa kuzipangusa kete hizi na kuzipanga. Sikucheza hata mara moja. Siku ya mwisho nilizipanga zote, nikaondoka na malkia mfukoni. Nikasema, ngoja wacheze bila yeye, waone kama kuna mchezo. Wala hawakustuka, mjukuu wangu. Walisimamisha chaki, wakaendelea."

Akamfuta Kalamu vumbi la chaki lililokuwa begani.

"Nilikosea. Mwizi hapimi kitu, anaficha tu, na kilichofichwa hakimfundishi mtu. Wewe ulihesabu kweli ukaitundika ukutani, hata ilipokunyima ulichokitaka, ndiyo maana kila mtu aliiona. Na ninyi watoto wote nisikieni: jina kwenye daftari si zamu. Kila mtu apewe zamu yake, ndipo mhesabu." Akamsogeza malkia kidogo, akae katikati ya mraba wake. "Basi hakupotea huyu. Alikuwa kwenye droo ya cherehani yangu, anangoja kiti."