Seli Zilizolala

Jioni, karibu na kufunga, mpimaji alirudi maabara kutupa sahani moja tu.

Sahani ilikuwa na vishimo tisini na sita, kila kimoja na seli za damu ya binadamu. Unazidondoshea maji ya dripu. Yakiwa na sumu ya bakteria, seli zinashtuka, na ukitia dawa ya rangi, kishimo kinageuka njano. Maabara nzima husema, "Zinalia." Yakiwa safi, hakuna rangi. "Zimelala."

Wiki tatu nyuma, kwa sahani hii hii, aliandika "Zimelala". Bosi alikuwa na haraka, akamwambia aruke kishimo cha sumu ya makusudi, kile cha kuhakikisha seli ziko hai. Akaruka. Kumbe friji ilikuwa imezimika, seli zilikufa zamani. Na zilizokufa hazilii.

Dripu zikaenda wodini. Moja akatundikiwa mdogo wake. Homa, baridi, meno kugongana... siku mbili tu.

Tangu maziko hajatoa chozi. Shangazi zake wakanong'ona kuwa ana moyo wa jiwe. Yeye hakuhisi hata hilo jiwe.

Akaitoa sahani kabatini. Harufu ikamjia. Spiriti. Jasho la homa.

Tk.

Kishimo cha kwanza kilikuwa njano. Dawa ya rangi hakuitia.

Tk... tk-tk... Meno. Safu ya pili. Ya tatu.

Hakukimbia. Alivitazama tu, kama mtu anayesubiri lifti.

"Bibie, bado upo?" Bosi aliingia na fomu mkononi. "Afadhali. Andika 'Zimelala' hapa, toleo jipya la dripu. Gari linasubiri."

"Kishimo cha sumu kimewekwa?"

"Ushaanza! Friji si imetengenezwa?"

"Husikii, bosi?"

"Nisikie nini?"

Tk-tk-tk.

Akachukua kalamu, akaandika neno moja. Toleo lenye neno hilo halitoki getini.

Bosi akasoma, akacheka kwa hasira. "Zinalia? Zinalia wapi? Toleo lenyewe hata hatujalipima!"

"Ehe," akasema polepole. "Hatujalipima."

Macho ya bosi yakaangukia sahani. Sauti ikashuka, ikawa mnong'ono.

"Hizo si zile zilizokufa?"

"Ndizo."

"Basi... nani analia?"

Mpimaji akajigusa shavu. Kavu.

Mezani, vishimo vyote tisini na sita vilikuwa vimejaa hadi ukingoni. Kimoja kikafurika. Tone la njano likateleza mezani, likafika kwenye kidole chake.

Lilikuwa la moto.