Sanduku Lisilopumua

"Sisimizi, mzigo uko stesheni. Treni inaondoka saa tano kasoro kumi."

Sauti ya Mkuu ikakatika sikioni. Sisimizi akaitazama saa yake ya Casio.

Dakika sita.

Sanduku jeupe la povu lilikuwa limeibwa maabara asubuhi ile. Ndani mlikuwa na vipande vya uvimbe wa saratani ya tezi dume, kila kimoja kwenye kichupa chake. Saratani ni jasusi: huvaa sare zetu, ikapita mbele ya askari wa mwili bila kuulizwa. Daktari alikuwa akisaka alama zinazoiumbua, ili awafunze askari hao kuitambua. Alama moja aliiona kwenye kipande namba tisa, hajamaliza kuipima. Kikiyeyuka, basi tena.

Namba tisa kilikuwa cha baba yake Sisimizi. Hilo alimficha Mkuu, asije akamwondoa kazini.

Kwenye jukwaa la stesheni, abiria watatu. Masanduku meupe matatu.

Akapiga simu. "Daktari, nitalijuaje?"

"Lina barafu kavu, inatoa gesi kama moshi muda wote. Sisi hatuzibi kifuniko, tunaacha lipumue. Ukiliziba linapasuka."

Mwizi atalijulia wapi hilo? Yeye angeogopa tu moshi usimuumbue.

La kwanza lilifungwa kamba. La pili lilikuwa wazi, samaki tupu. La tatu lilizungushiwa selotepu kila upande, limevimba tumbo. Kando yake, bwana wa suti ya kijivu.

Sisimizi akaketi naye, bastola yake ya Beretta ndani ya gazeti.

"Bosi, mzigo wako unataka kupasuka."

Bwana akacheka. Sanduku likalia, kwii. Kicheko kikamkauka.

"Unajisalimisha, au tungoje wote?"

Mikono ikapanda yenyewe.

Kisu kikachana selotepu, moshi ukatoka taratibu. Vichupa vilikuwa vimeganda vizuri. Sisimizi akakitazama cha tisa, akafunika.

Saa nane mchana, akitoka kukabidhi sanduku hospitalini, simu yake ikaita.

"Mwanangu, bado unauza bima?"

"Bado, baba."

"Kipande changu kiliibwa, kimepatikana. Daktari anasema kuna kijana kakihangaikia kama cha baba yake mzazi. Mungu ampe maisha marefu." Mzee akakohoa. "Wewe hata kuja kuniona huna nafasi."

Sisimizi akainua macho. Dirisha la wodi ya baba yake lilikuwa juu ya kichwa chake. Kwenye sikio la pili, Mkuu akanong'ona: "Sisimizi, gari liko getini. Sasa hivi."

"Nitakuja, baba."

"Haya. Ndivyo usemavyo."

Akavaa miwani ya jua, akalifuata gari.