Gonga Meza Kwanza

Shati la kwanza lilirudi kutoka kwa mpiga pasi likiwa halina pa kupitisha kichwa. Kola ilikuwa mahali pake, imelala vizuri kama kawaida, lakini tundu la shingo lilikuwa limeshonwa bega hadi bega, kwa mishono midogo ambayo mpiga pasi hakuiona mpaka alipojaribu kuivisha sanamu ya kupimia nguo. Karakana nzima ikacheka. Mkata kitambaa, ambaye mdomo wake hauna breki, akauliza kama shule iliyoagiza sare zile sasa inaandikisha wanafunzi wasio na vichwa.

Aliyelishona hakucheka. Alikuwa fundi wa kola, na kwa miaka kumi na mmoja watu walimwita Kola tu, hata mama yake nyumbani. Mdogo wake wa kike alikaa meza ya pili akishona vifungo, na alimwona dada yake akilikagua lile shati kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa.

Kufikia Alhamisi yalikuwa mashati tisa.

"Dada, kuna nini?" mdogo mtu alimnong'oneza wakati wa chai.

"Anachungulia."

"Nani?"

"Punguza sauti. Kila shingo ninayoiacha wazi, anachungulia. Ananiita kwa sauti ya mama. Jana kaniita kwa sauti yako."

Hapo mdogo mtu akasikia harufu ya kitambaa kinachoungua, wakati pasi zote zilikuwa zimezimwa. Karakana ya nguo haikosi harufu ya kuungua, hilo najua. Hata hivyo aliiacha chai yake mezani.

Msimamizi, mwanamke mkali asiyependa porojo, ndiye aliyempeleka Kola hospitali, pamoja na mdogo wake na mama yao. Daktari akasema ni ugonjwa wa akili. Akasema unaweza kukaa na mtu miaka, kama ulemavu mwingine wowote, na kwamba dawa zipo lakini peke yake hazitoshi. Kola atahitaji watu wanaojua namna ya kuishi naye.

"Atapona lini?" mama akauliza.

"Tuanze na kulala usingizi, mama," daktari akajibu.

Sasa, mle karakanani kuna sheria moja ambayo kila mgeni hufundishwa kabla hata hajaonyeshwa choo: usimwite fundi kwa nyuma sindano ikiwa inakimbia. Gonga meza mara mbili kwanza, ainue mguu kwenye pedali, ndipo useme. Vidole vingi vimetobolewa mpaka sheria hiyo ikazoeleka. Na ni Kola mwenyewe aliyegundua kwamba ingemfaa kwa jambo jingine.

"Yule ana sauti tu, hana mkono," alimwambia mdogo wake. "Hawezi kugonga. Ukinigongea kwanza, nitajua ni wewe."

Basi wakawa wanamgongea. Karakanani waligonga meza, nyumbani wakagonga mlango, ukuta, hata sufuria. Msimamizi akaihamisha cherehani ya Kola ili mgongo uelekee ukutani na mtu asipite nyuma yake. Wiki tatu Kola alilala, akaja kazini, na mashati yakatoka na shingo zao. Mkata kitambaa hakushangaa. Mguu wake mmoja ulikuwa mfupi tangu utotoni, na meza yake ilikuwa imepunguzwa kimo ili aifanyie kazi akiwa ameketi.

"Mguu huu ulisomewa miaka mitatu," alisema. "Haukurefuka hata kidogo. Aliyenisaidia ni seremala."

Lakini vidonge vilimtetemesha Kola mikono. Akanenepa, akawa anasahau sahau. Majirani wakaanza kumwita mama pembeni na kumwambia mambo kwa huruma, huruma ile inayomfanya mtu ashindwe kula. Mama hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Badala ya kurudi kwa daktari wakaongee habari ya mikono, akamleta mganga.

Mzee mwenyewe alikuwa mpole, mwenye sauti ya chini, na hakutaka malipo yoyote. Alikaa na Kola chumbani nusu saa akafukiza, kisha akatoka akifuta jasho.

"Lililomvaa limeshika jina lake," alisema. "Mkimwita, linaitika lenyewe. Siku arobaini asiitwe, asisemeshwe, asigongewe kitu chochote. Na hivyo vidonge ndivyo linavyokula, vitupeni." Kisha akamgeukia mdogo mtu, kana kwamba anamjua. "Mwiko ukivunjwa litatoka, lakini litatoka naye."

Chumba kikafungwa kwa komeo la nje. Ndani aliachiwa kitanda, ndoo, fungu la nguo za nyumbani za kurekebisha na cherehani yake ya zamani ya kuzungusha kwa mkono. Mama aliingiza chakula bila neno, akatoka bila neno, akaenda kulilia jikoni.

Siku ya sita, saa nne asubuhi, jua limejaa sebuleni, sauti ilitoka nyuma ya mlango.

"Mdogo wangu? Upo?"

Mdogo mtu akasimama.

"Nasikia unapumua. Au ni yule. Nigongee basi, nijue. Mara mbili tu."

Akauinua mkono, akaufikisha karibu na ubao wa mlango mpaka vifundo vya vidole vikahisi ubaridi wake, na hapo akamwona mama amesimama kwenye korido anatikisa kichwa, machozi yanamtiririka, midomo yake ikisema bila sauti litatoka naye, litatoka naye, na yule binti, ambaye hakuamini hata nusu ya maneno ya mganga lakini aliogopa hiyo nusu nyingine kuliko kitu chochote duniani, akaushusha mkono wake, akaenda kuketi, akaziba masikio.

"Mdogo wangu?" sauti iliendelea mpaka adhuhuri. Kesho yake ikaita kidogo. Siku ya kumi haikuita tena.

Karakanani mkata kitambaa alimuuliza mdogo mtu kila siku, naye kila siku alimjibu kwamba dada anapumzika. Siku moja mkata kitambaa alikuja na msimamizi hadi mlangoni. Mama akawaambia mgonjwa kasafiri.

Siku ya kumi na tisa mama alikuwa uani anafua. Mdogo mtu alikuwa sebuleni, hana kazi mikononi. Akasikia: ngo, ngo.

Ilitoka chumbani. Mara moja ikafuata sauti ya Kola, yenye furaha, sauti aliyokuwa hajaisikia kwa miezi.

"Karibu! Nilijua utakuja!"

Mama akaingia mbio, mikono imejaa povu.

"Kwa nini umemgongea?" alinong'ona. "Unataka kumuua mwenzio?"

"Sikugonga, mama."

"Nimesikia kwa masikio yangu!"

"Mama, nilikuwa nimekaa hapa. Sikugonga."

Wakatazamana. Huenda Kola alijigongea mwenyewe. Daktari angesema hivyo, na pengine ndivyo ilivyokuwa. Lakini hakuna hata mmoja kati yao aliyefungua mlango kutazama, wakabaki wameshikana mikono yenye sabuni wakimsikiliza akisema na kunyamaza, akisema na kunyamaza, akicheka palepale ambapo mtu hucheka akisimuliwa habari za kazini, huku harufu ya kitambaa kinachoungua ikipenya chini ya mlango na kujaa nyumba nzima mchana kweupe. Tangu siku hiyo mlio ule ulisikika kila asubuhi.

Siku ya arobaini mganga akarudi. Akafukiza, akasoma, dirisha likajipiga ukutani kwa kishindo.

"Limetoka," akasema, akaaga.

Kweli chumba kilikuwa kimya. Kola alikuwa ameketi kwenye cherehani, amekonda, mtulivu, nywele amezibana vizuri. Mama akapiga magoti kushukuru. Mdogo mtu akasogea taratibu na roho mkononi, mpaka akaona kinachoshonwa: blauzi ya mdogo mtu mwenyewe, ya kazini, shingo imebaki wazi upana wa vidole viwili.

Akagonga meza mara mbili.

"Dada. Ni mimi."

Kola hakugeuka. Mkono wake uliendelea kuzungusha gurudumu. Aliinamisha kichwa kidogo kuelekea kwenye kona, pasipokuwa na mtu, akatabasamu kwa upole.

"Usiogope, mdogo wangu," aliiambia kona. "Nimelisikia. Limejifunza kugonga."

Akaimalizia shingo, akakata uzi kwa meno.

Mdogo mtu akagonga tena.