Tezo Ndani ya Ndoo

Asubuhi ile Msasa alifungua mlango wa karakana akakuta nyundo iko ndani ya ndoo ya maji, kichwa chini, mpini umetokeza juu. Alisimama na funguo mkononi. Nani kaitia humu? Funguo zilikuwa mbili tu, wake na wa mumewe, na mumewe alikuwa bado nyumbani anapuliza chai ipoe.

Walimwita Msasa kwa sababu kazi yake pale ilikuwa kupiga msasa na vanishi, na pia kwa sababu ya ulimi wake, maana ukimkera alikukwangua mpaka ukabaki laini. Aliitoa ile nyundo, akaitikisa. Imekaza kweli kweli. Sasa, mtu yeyote aliyewahi kushika nyundo anaijua hila hii: kichwa kikilegea, kitie majini, mti unavimba, kinakaza, unafurahi. Lakini jua likipiga mti unakauka, unasinyaa kuliko mwanzo, na kile kichwa kinachomoka kikitafuta pa kugonga. Ni ujanja wa wavivu. Dawa ya kweli ni kupigilia kabari mpya.

Na mle karakana ujanja huo ulikuwa haramu. Kaka yake Msasa, ambaye sasa ni marehemu, ndiye aliyeianzisha karakana pamoja na shemeji yake, yaani huyo huyo mume wa Msasa. Watu walimwita kaka huyo Mstari. Alipaka ukuta mzima rangi nyeupe, akatundika kila kifaa mahali pake, misumeno juu, patasi katikati kwa ukubwa wake, nyundo na shoka chini, kisha akazungushia kila kimoja mstari mweusi, ili kikikosekana ukuta wenyewe useme. Sheria yake ilikuwa moja. Kibovu kinalala benchini. Ukitundika, umedhamini. Cha ukutani mtu achukue hata akiwa amefumba macho.

Naye alikufa kwa tezo, kile kishoka cha kuchongea mbao chenye chuma kilichopinda, aliyoichukua ukutani. Alikuwa amesimama juu ya boriti, anaichonga juani, tezo ikapanda, ikashuka, chuma kikachomoka kwenye mpini kikamwingia pajani. Damu haikungoja gari. Watu wakasema ajali. Msasa akasema ajali. Mumewe alilia kuliko wote, akaichukua ile tezo akaenda kuitupa mbali, na mchoro wake ukabaki mtupu ukutani.

Basi mume alipoingia, alikohoa kidogo mlangoni kama kawaida yake. Alikuwa mtu wa adabu zake, hapazi sauti, hakimbii, kila neno lake "taratibu, mke wangu, taratibu," mpaka mtaa mzima ukamwita Taratibu.

"Wewe ndiye umeloweka nyundo?" Msasa akamwuliza.

Taratibu aliitazama ndoo. Uso wake ukawa wa mtu aliyeitwa kwa jina gizani.

"Mwaga hayo maji," alisema. "Usimwambie mtu."

"Nimwambie nini sasa? Kwamba tuna mwizi anayetutengenezea vifaa?"

Hakucheka. Na Taratibu alikuwa mtu wa kucheka.

Kesho yake ilikuwa patasi zote, zimesimama ndani ya ndoo kama miwa. Msasa akaipeleka ndoo nyumbani. Asubuhi iliyofuata shoka likakutwa limelowekwa ndani ya kopo la rangi. Akaondoa makopo, randa zikakutwa zimelala sakafuni ndani ya dimbwi, na bomba liko nje, na paa halivuji. Kila kitu kilikuwa kimekaza. Ndiyo maana ilitisha. Ungekichukua bila shaka yoyote, ukaenda nacho juani.

Kisha ikaja harufu, harufu ya mbao iliyolala majini pamoja na chuma, iliyokaa puani hata kwenye chakula. Na mchoro wa tezo, ule mtupu, ukaanza kutoa maji. Msasa aliufuta kwa tambara. Ukatoa tena. Alipoyagusa kwa ulimi, sijui kwa nini aliyagusa kwa ulimi, yalikuwa na ladha ya damu.

Taratibu akaamua kununua vifaa vipya. Walikwenda dukani pamoja, na pale dukani alikuwa mteja wa kuudhi hasa. Kila nyundo aliigeuza akaangalia nyuzi za mti kama zinakwenda sawa na mpini, akachungulia kabari, akagonga, akanusa. Muuza duka akamwambia, "Mzee, unanunua nyundo au unaoa?" Mwisho akachukua seti nzima, na tezo mpya pia, kwa kuwa kulikuwa na mteja aliyetaka boriti za kuchongwa kwa mkono na hataki kusikia habari ya mashine. Vile vya zamani akaviuza kwa bei ya vyuma chakavu. Akaupaka ukuta rangi nyeupe, akavipanga vipya kwa mpango wake mwenyewe.

Asubuhi michoro ya Mstari ilikuwa imerudi juu ya rangi mbichi, myeusi tii, na kila kifaa kipya kimehamishwa kikakaa ndani ya mchoro wake. Kasoro tezo. Tezo ilikuwa ndani ya ndoo, ndoo ile ile ambayo Msasa alikuwa ameiacha jikoni kwake.

"Twende kwa mtoa majini," Msasa alisema. "Leo."

Mtoa majini, yaani mpunga pepo, alikuwa mwanamke mnene mwenye mafua, aliyewapokea huku anajipenga na kulalamikia vumbi. Hakutikisa kichwa wala hakuzungumza lugha zisizojulikana. Aliwasikiliza, akamtazama Taratibu kwa muda mrefu.

"Siku aliyokufa shemeji yako, nani alitundika hiyo tezo?"

"Sijui," akasema Taratibu. "Pengine yeye mwenyewe."

"Mmh." Akajipenga tena. "Hili halitafuti jina la mtu, wala si ndugu yenu huyo amerudi, msidanganyike kwa sauti mtakazozisikia. Liliamshwa na damu yake. Linafuata mkono. Mkono uliotundika kibovu ukijua ni kibovu, huo ndio chakula chake. Mwenye mkono asimame mlangoni pa karakana, mbele ya mama wa marehemu, aseme alichofanya. Akisema, litaondoka bila hata ubani. Asiposema, mimi sina dawa, na msinipigie simu."

Wakashika njia ya kurudi. Mvua ikawakuta njiani wakakimbilia karakana, na Taratibu akafunga mlango. Mchana ulikuwa umeingia kiza. Msasa aliketi juu ya rundo la mbao, mumewe akasimama katikati ya maranda, mikono kwapani.

Ndipo mluzi ukasikika.

Ulitoka nje, upande wa bomba, mluzi wa Mstari, ule aliokuwa akiupiga kila akija kazini asubuhi, wenye sauti mbili za kupanda na moja ya kushuka, na Msasa, ambaye aliujua tangu utoto wao, alihisi moyo unataka kumtoka akamfungulie kaka yake mlango, lakini miguu ikakataa, kwa sababu mluzi ulikuwa unazunguka karakana polepole, unapita dirishani bila mtu kuonekana dirishani, na kila ulipofika kwenye kona matone ya mvua yalinyamaza pale tu, yakaanza tena ulipopita, halafu ukaingia, haukupitia mlango wala dirisha, ukawa umo ndani ya ukuta, na vifaa vyote pale vilipotundikwa vikaanza kutikisika kidogo kidogo kwenye misumari yake, kama mtu anapita na kuvijaribu kimoja kimoja, hiki kimekaza, hiki kimekaza, mpaka ukafika kwenye tezo, waliyoiacha ndooni asubuhi na sasa imetundikwa bila mkono wa mtu, ukakoma.

Tezo ikaning'inia kimya. Tone moja likadondoka kutoka kwenye mpini wake.

"Ni mimi," Taratibu alinong'ona.

"Wewe nini?"

"Niliiloweka. Ilikuwa imelegea, nikailoweka, nikaitundika." Akarudi nyuma hatua moja kutoka ukutani. "Msasa, sikutaka afe. Kila mteja akiingia, 'Mstari yuko wapi?' Mimi nimesimama hapo hapo, miaka yote, wananiuliza Mstari yuko wapi! Nilitaka akosee tu. Aumie mguu, akae nyumbani kidogo, wajue na mimi ni fundi."

Msasa hakupiga kelele. Alishangaa mwenyewe kwamba hakupiga kelele. Alikumbuka jinsi alivyomfuta machozi mwanamume huyu msibani, kwa kanga yake, na jinsi mama yake alivyompa uji akamwambia kula mwanangu, utaanguka.

"Utasema," alimwambia. "Kesho namleta mama, utasimama mlangoni, utasema."

"Mama? Nimwambie mama?" Akamshika mikono. "Mke wangu, nimekwisha. Nitafungwa. Nikose wewe, nikose karakana, nikose kila kitu?"

"Kaka yangu amekosa nini?"

"Taratibu. Taratibu, sikiliza." Sauti yake ilianza kurudi, ile laini, na hiyo ndiyo iliyomchoma Msasa kuliko kuungama kwenyewe. "Kumbe ni rahisi. Wewe ukague. Kila alfajiri uje kabla yangu, ulichokikuta kimelowa ukilaze benchini, kizima ukitundike. Mimi sitagusa kitu ambacho hujakitundika wewe. Wewe ni dada yake, wewe halikudhuru. Ukinikagulia wewe, halinipati."

Akambusu mkono, jamani. Akambusu mkono.

Na Msasa alimkagulia. Usimcheke, alikuwa mkewe, na mtu haamki siku moja akaacha kuwa mke. Alfajiri alikuja, akatikisa, akanusa, akapaka mafuta vyuma, akapigilia kabari panapohitajika, akatundika. Taratibu alikuja baadaye, akakohoa mlangoni, akachukua cha ukutani. Rangi ikamrudi usoni. Akaanza tena kucheka. Boriti za yule mteja zikaletwa, zikalazwa uani, mahali pale pale. Siku moja Msasa alimsikia akiongea na yule mteja, naye mteja anamsifia mkono wake, na Taratibu akajibu kwa unyenyekevu, "Ah, mimi nilimfundisha hata marehemu shemeji yangu."

Usiku huo Msasa hakula. Alisema tumbo linamsumbua. Hasira ilikuwa imempanda na haina pa kutokea.

Alfajiri tezo ilikuwa ndani ya ndoo.

Aliinyanyua. Maji yakamtiririkia mpaka kiwikoni. Alichungulia kabari na hakuiona; pale palipokuwa na kabari palikuwa na mti uliovimba tu, umekaza vizuri, wa kudumu mpaka jua lipande. Alikuwa na kabari mpya mfukoni mwa aproni. Aliishika, akaizungusha vidoleni, akalifikiria paja la kaka yake. Kisha akachukua tambara kavu akaufuta mpini, taratibu, mbele na nyuma, akafuta chuma, akapaka mafuta kidogo yazibe harufu. Akaitundika. Iliingia ndani ya mchoro wake sawasawa.

Ukuta haukutoa hata tone.

Kikohozi kikasikika mlangoni. "Umeamka vizuri, mke wangu? Tayari?"

"Tayari," alisema Msasa. "Chukua."

Aliichukua bila kuitazama. Alitoka nayo akipiga mluzi wake mwenyewe, akapanda juu ya boriti. Msasa alibaki ndani, akapiga msasa mlango wa kabati ambao ulikwisha kuwa laini tangu juzi. Alisikia tezo ikila mti, ko, ko, ko. Jua likapanda. Kabla ya adhana ya mchana, ile sauti ilikatika, na kikafuata kilio kimoja ambacho majirani wote waliacha kazi zao wakakimbilia.

Watu walisema karakana ile ina mkosi. Wakasema ajali. Msasa alilia kuliko wote, na machozi yalikuwa ya kweli.

Baada ya matanga alimchukua mama yake wakaishi pamoja, akaiendesha karakana peke yake. Harufu iliondoka. Ndoo ilikauka mpaka ikaingia buibui. Mchoro wa tezo ukawa rangi tu. Mara moja alitaka kumpigia yule mtoa majini amwambie limeondoka, akakumbuka ile habari ya mkono, akaweka simu chini. Alijiambia ile habari ilimhusu marehemu mumewe.

Ikafika asubuhi moja ya kawaida. Alifungua mlango, akavaa aproni, akanyoosha mkono kuchukua nyundo bila kutazama, cha ukutani ni kizima, na mkono ukashika ukuta mtupu. Akageuka. Vifaa vyote havikuwepo. Michoro ilikuwa mitupu kuanzia juu mpaka chini, na kila mmoja unatoa maji.

Vilikuwa kwenye ndoo, vimebanana, mipini juu.

Alirudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga mlango, na mlango ulikuwa umefungwa. Hakuukumbuka kuufunga. Nje, upande wa pili wa ubao ule, karibu kabisa na sikio lake, mtu akakohoa kidogo, kwa adabu.

"Taratibu, mke wangu," ikasema sauti. "Leo nakukagulia mimi."