Neno Moja Katika Daftari la Nyapara

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, nilikuwa nachemsha sindano ya baba. Bomba lake lilikuwa la kioo, na mama alinikanya kila siku nisilivunje. Dawa yenyewe ilikaa katika chupa ndogo, na chupa tuliiweka ndani ya chungu kilichofukiwa kwenye mchanga wenye maji, kwa kuwa dawa hiyo haipendi joto. Baba alijidunga pajani, akala uji, akaondoka gizani kwenda kukata mkonge. Mimi niliviosha vyombo, nikavificha vyote chini ya kitanda.

Naam, nilivificha. Baba yangu, Zebedayo, alikuwa na ugonjwa wa sukari, na katika kambi nzima ya wakata mkonge hakuna aliyejua ila mama na mimi. "Wakijua watanifukuza," alisema baba. "Na nyumba hii ni ya shamba, si yetu. Tutakwenda wapi?" Mwaka huo ulikuwa 1956. Tulitoka Ushambaa kuja kuishi katika shamba la mkonge lililokuwa njia ya Pangani, na mimi, Yudith, nilikuwa na miaka kumi na miwili.

Bibi Dorkasi, muuguzi wa hospitali huko Tanga, alimwonya baba mbele yangu. "Zebedayo, ukishajidunga, ule. Dawa hii hushusha sukari mwilini. Usipokula itashuka mno, utatetemeka, utatoka jasho, utasema ovyo na kuanguka. Ukiona dalili hizo, lamba sukari upesi."

Sasa sikilizeni desturi ya wakata mkonge. Hawali kabla ya kazi. Kila mmoja hupewa ngwe yake alfajiri, huikata mpaka aimalize, nyapara humwandikia siku yake katika kipande, yaani kadi yake ya kazi, ndipo arudi nyumbani kula. Wenzake baba walikuwa wakimpitia asubuhi, wakamkuta na bakuli. "Mla daku!" walimcheka. "Huu mwezi gani unaofunga peke yako?" Walimtania hivyo wiki nzima. Kwa kuwa hakutaka kuwaeleza kwa nini anakula, siku moja ya mwezi wa saba alijidunga, akauacha uji mezani, akatoka nao.

Shule ilikuwa imefungwa. Nilipouona ule uji umepoa, nilikumbuka maneno ya Bibi Dorkasi. Nilichukua bakuli na sukari kidogo katika karatasi, nikakimbia.

Nilimkuta baba amelala kati ya mistari ya mkonge. Alikuwa ameangukia kisu chake, nacho kilikuwa kimemkata kiganja cha kulia hadi ndani. Miraji, mkata mkonge mwenzake, alikuwa anamfunga mkono kwa kitambaa. Baba alilowa jasho, alitetemeka na kusema maneno yasiyoeleweka. Nyapara Tadeo alisimama pembeni na daftari lake.

"Amelewa," alisema Tadeo. "Saa mbili asubuhi, mtu mzima amelewa!" Akaandika.

Nilipiga magoti, nikamtia baba sukari mdomoni kidogo kidogo, kisha nikamnywesha uji. Haukupita muda mrefu akanitambua. "Yudith," alisema, "unafanya nini huku?"

Mlevi gani huzindukana kwa kulamba sukari? Nilitaka kumwuliza Tadeo swali hilo. Lakini niliikumbuka siri yetu, nikafumba mdomo. Mpaka leo nikikumbuka ukimya ule napandwa na hasira, nusu juu ya Tadeo na nusu juu yangu mwenyewe.

Kidonda kilichukua miezi mitatu kupona, maana kidonda cha mwenye sukari hakina haraka. Vidole vitatu havikukunjika tena. Mkono usioweza kushika kisu haukati mkonge. Basi baba na mama walikwenda kwa karani wa shamba kuomba fidia, kwa sababu sheria ilimpa fidia mtu aliyeumia kazini akawa kilema. Mimi niliwafuata. Karani hata kiti hakuwapa. Alifungua daftari la Tadeo, akasoma, "Alianguka kwa ulevi." Akalifunga. "Mlevi hana fidia. Na nyumba tunaihitaji. Mwisho wa mwezi mtoke."

Mlevi! Baba yangu, mzee wa kanisa, ambaye hata togwa likichachuka kidogo alilisukuma kando!

"Nani alimpima?" mama aliuliza. Karani alikuwa ameshamwita mtu mwingine.

Hatukukubali. Mama aliliandikisha shauri la baba katika ofisi ya kazi huko Tanga ili lisikilizwe. Jioni majirani walikuja kutupa ushauri, na karibu wote walisema jambo moja: baba aseme aliteleza kwenye umande. "Umande hauwezi kukataa," alisema mmoja wao. Baba alifikiri kidogo, akasema naye atasema hivyo.

"Lakini baba, hukuteleza," nilisema.

"Nyamaza, mwanangu. Nikisema habari ya sukari, watasema nilikuja kazini huku nikijua naumwa. Unataka tulale barabarani?"

Sikutaka. Lakini sikuona kwa nini uongo wa Tadeo ujibiwe kwa uongo wetu.

Siku ya shauri tulipanda lori mapema, tukapita kwanza hospitali kuchukua dawa. Baba alipokuwa kwenye foleni, nilimtafuta Bibi Dorkasi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Yudith. Mbona uso umevimba?"

Nilimweleza yote, tangu bakuli la uji mpaka umande. Aliweka chini trei ya sindano. "Wamemwandika mlevi? Mgonjwa wangu?" aliuliza. "Shauri ni saa ngapi?"

"Saa nne, Bibi."

"Nitakuja."

Afisa wa kazi alikuwa Mzungu mrefu aliyesema Kiswahili polepole. Tadeo na karani walikaa upande mmoja, lile daftari likiwa mezani, sisi na Miraji upande wa pili.

"Bwana, niliteleza kwenye umande," alianza baba.

Tadeo alicheka. "Umande gani saa mbili, Bwana? Siku ile jua lilikuwa limekwisha kausha kila kitu. Mnamwona? Mlevi, tena mwongo!"

Baba aliinamisha kichwa. Kumwona baba yangu akiinama mbele ya mtu yule kulinishinda. Nilisimama bila kuitwa.

"Hakuteleza na hakulewa!" nilisema. "Baba ana ugonjwa wa sukari. Alijidunga dawa, hakula kwa sababu wanamcheka akila, sukari ikashuka, akaanguka. Mimi ndiye niliyemlambisha sukari, akaamka. Nyapara alikuwapo. Aliona kwa macho yake!"

"Yudith!" alisema mama. Lakini Bibi Dorkasi alikuwa ameshaingia na cheti cha hospitali. Alieleza ugonjwa wenyewe na dawa yake. Miraji naye alisema, "Nilimfunga mkono, uso wangu karibu na wake. Hakunuka pombe."

Afisa alimgeukia Tadeo. "Ulimwona akinywa?"

"La, Bwana."

"Ulisikia harufu ya pombe?"

"La, lakini alikuwa anayumbayumba."

"Kwa hiyo uliandika usilolijua." Afisa aliligonga daftari kwa kidole. "Sheria inaniuliza mambo mawili tu. Je, aliumia akiwa kazini? Ndiyo. Je, alikuwa amelewa? Hapana. Ulifute neno hilo, kwa mkono wako, hapa mbele yangu."

Tadeo alilikata lile neno. Kalamu ilikwaruza karatasi, nasi sote tukaisikiliza. Fidia ilitolewa baada ya wiki sita, na shamba likaagizwa kutuacha katika nyumba na kumpa baba kazi ya ulinzi wa ghala.

Nje ya ofisi Bibi Dorkasi hakumpongeza baba. Alimfokea. "Mficha maradhi, kilio humfichua! Ungewaambia wenzako, nani angekucheka ukila?"

Jumamosi, wakata mkonge walipokusanyika kupokea posho, baba aliinua mkono wake wenye vidole vilivyokakamaa.

"Jamani, nina ugonjwa wa sukari," alisema kwa sauti. "Nilikuwa nala asubuhi kwa sababu hiyo, nanyi mlinicheka. Nyapara alinisingizia, na nilimkasirikia sana. Lakini mimi ndiye niliyenyamaza, nikamwachia mahali pa kuandika uongo wake. Kisha nikataka kuuponya uongo kwa uongo mwingine, na mtoto huyu akanizuia. Kuugua si aibu. Ukweli wako useme wewe mwenyewe, tena mapema, kabla mwingine hajakusemea."

Hakuna aliyecheka. Watu walipotawanyika, Miraji alibaki nyuma, akakuna kichwa.

"Zebedayo," alisema kwa sauti ya chini, "mke wangu anakunywa mtungi mzima wa maji kwa siku, na bado anakonda. Amenikataza kumwambia mtu."

Baba hakungoja amalize. "Mwite," alisema. "Lori la Tanga linaondoka kesho asubuhi."