Mlango Mwekundu wa Mnara

Bango lilinukia rangi mbichi, lakini chini ya rangi palikuwa na harufu nyingine: tope la ziwa.

"Umeweka mlango," mke alimwambia mumewe, mchoraji wa mabango. "Mnara wenyewe umezibwa kwa mawe tangu enzi za babu."

"Mama Kidoti, nani apande meli aje kutazama mawe?" Mume akacheka. "Mtalii anataka kukaribishwa."

Kweli lilipendeza: mnara mweupe wa taa, ziwa la buluu, herufi nene za kizamani, na mlango mwekundu ulio wazi. Akalitundika likauke juu ya kitanda cha binti yao, waliyemwita Kidoti kwa sababu ya kidoti cha shavu lake la kushoto.

Mchana mtoto akaanza kuongea na ukuta. "Ananiita nikaone taa," alisema. Jioni homa ikampanda, akawa hatambui mtu. Nyayo za maji zikatokea kutoka ukutani hadi kitandani. Mama akazifuta, zikarudi, akafuta tena huku akilia kimyakimya, maana kila alipoinama alisikia pumzi nzito yenye maji nyuma ya shingo yake, na kila alipogeuka hapakuwa na kitu ila bango.

Jirani yao, muuza mkaa, ndiye aliyekimbia peku kumwita mganga.

Mganga hakuthubutu kuvuka kizingiti. "Jini wa mnarani alikuwa amefungiwa," alinong'ona. "Nyinyi mmemchorea mlango. Uzibeni! Sasa hivi!"

Mume akachora mawe juu ya ule mlango, jirani akimshikia kopo la rangi. Jiwe la mwisho lilipokamilika, harufu ikakatika. Mtoto akaketi, akatabasamu.

"Mungu mkubwa," jirani alisema, machozi yakimtoka. "Ngoja nimletee uji."

Mama akamkumbatia binti yake. Mwili ulikuwa baridi kama samaki. Akamtazama usoni. Kidoti kilikuwa kwenye shavu la kulia.

Ndipo ukutani, nyuma ya mawe yale ya rangi mbichi, vidole vidogo vikagonga.

"Mama? Mbona mmefunga? Mimi bado nimo ndani."

Mama akalirukia bango, akakwangua rangi kwa kucha.

"Mama, acha," yule wa kitandani alimbembeleza. "Mimi niko hapa."

Hakuacha. Alikwangua, akaita, akakwangua, na chini ya kucha zake karatasi ya bango ikaanza kuchanika, palepale penye mlango.